Jezi Zilizofuliwa Kisimani Kwetu

Wiki chache zilizopita wazee wawili walitujia nyumbani baada ya swala ya Alasiri. Walibisha hodi kwa adabu za zamani, wakasubiri kijana wetu wa kiume atoke kuwakaribisha, wakaketi ukumbini chini ya saa ya ukutani ya marehemu baba. Baada ya kahawa na kujuliana hali wakatoa haja yao. Wanakusanya masalio ya klabu yao ya mpira: picha, kadi za uanachama, viatu, barua, chochote kilichobaki, ili vijana wa mtaa wajue kwamba hapa palikuwa na watu kabla yao. Nao wamesikia kwamba kwetu huenda pana jezi.

"Kwa marehemu mama yenu haikosi," alisema aliye mkubwa. "Bi mkubwa yule hakuwa mtu wa kutupa kitu."

Tulitazamana. Sisi ni ndugu watatu wa kike, tumezaliwa na kukulia katika nyumba hiyo hiyo, na kwa kutazamana tu huambiana mengi. Tukawajibu kwamba jezi hakuna. Neno hilo halikuwa uongo. Lakini halikuwa kweli yote, na tangu siku hiyo halijatupa usingizi mwema. Ndiyo sababu ya kuandika.

Jina la klabu hatutalitaja. Wenyewe wangali hai baadhi yao, na yako mambo mbele yatakayowagusa. Ghiba ni jambo zito, na sitara ya Muislamu ni amana. Wenye kujua watajua, na wasiojua hawatapungukiwa na kitu.

Kwa wasomaji wetu wadogo, yafaa tuseme kwanza Mombasa ile ilikuwaje. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1963 ubingwa ulikwenda Nakuru, kwa All Stars. Mwaka uliofuata ukachukuliwa na Luo Union. Na mwaka 1965 ukashuka pwani, kwa Feisal ya Mombasa. Tangu hapo hadi leo haujarudi tena huku, ingawa Bandari wametuletea vikombe vya mtoano mwaka 2015 na 2019, na tunawashukuru. Mkubwa wetu alikuwa na miaka tisa Feisal ilipochukua ubingwa. Anachokumbuka ni kwamba baba alirudi nyumbani bila sauti, akaashiria kwa mkono apewe maji, na kwa siku mbili akawa anazungumza nasi kama bubu. Majina ya Ali Kajo na Ali Sungura tuliyajua kabla ya kujua majina ya mawaziri. Barazani kwetu mtu aliweza kusamehewa deni, lakini akimkosea heshima Kajo alihamia baraza nyingine.

Baba aliipenda Feisal kama watu wote wa rika lake walivyoipenda, au walivyoichukia wale wa Liverpool, ambayo baadaye iliitwa Mwenge. Lakini timu yake hasa, timu ya damu, ilikuwa ile ndogo ya mtaani. Na jezi za timu hiyo zilifuliwa kwetu.

Hatukumbuki mapatano hayo yalianzaje. Tunachojua ni kwamba kila Jumapili jioni gunia lilitupwa uani, nayo Jumatatu asubuhi mama alikwisha kuketi kando ya kisima, kanga ameikaza kifuani, mche wa sabuni mkononi. Jezi kumi na moja, baadaye kumi na nne. Namba za mgongoni alizishona mwenyewe kwa cherehani ya mkono, kutokana na vipande vya shuka kuukuu. Zikianikwa kambani watoto wa mtaa walikuja kuzitazama, wakazisoma namba kwa sauti, na baadhi yao wakazibusu.

Mama hakuingia uwanjani hata siku moja ya uhai wake. Hakuna aliyemkataza kwa maneno, ila wakati ule mke wa mtu kwenda kukaa kwenye majukwaa lilikuwa jambo lisilofikiriwa. Nasi mabanati hatukwenda. Uwanja wa Manispaa haukuwa mbali, na upepo ukivuma vizuri tulipanda darini kusikiliza kelele. Tulijifunza kuzitofautisha. Kelele ya bao hupanda mara moja na kukaa juu. Ile ya bao lililokosekana hupanda, ikakatika, ikashuka kwa mguno mrefu kama mtu aliyeketi vibaya. Mpaka leo mmoja wetu akisikia mpira kwenye televisheni ya jirani hutangulia kusema limeingia au halikuingia.

Lakini mama aliujua mpira kuliko baba. Aliusoma kwenye nguo. Jezi namba nne ilikuja imechanika shingoni kila wiki, basi akajua kwamba huyo hushikwa, na anayeshikwa ndiye anayeogopwa. Namba saba ilinuka sigara. Namba tisa, mshambuliaji aliyesifiwa barazani kwa mbwembwe, ilikuja safi karibu ya kuvaliwa tena. "Huyu wenu hachezi," mama alimwambia baba. "Huyu anatembea." Na mara moja, waliporudi wamefungwa mabao mengi, alikung'uta jezi mbili tatu akasema, "Beki wa kushoto hakufanya kazi jana. Jezi yake haina tope." Baba hakujibu kitu. Jioni ile ile tulimsikia barazani akiwaeleza wenziwe, kwa sauti ya mtu aliyekesha akitafakari, kwamba kasoro ilikuwa kwa beki wa kushoto.

Siku baba alipomweleza kwamba Kombe la Gossage, lile lililoshindaniwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilipewa jina la watengenezaji wa sabuni wa Uingereza, mama alicheka hadi machozi yakamtoka. "Basi hilo ni kombe langu," akasema. "Nileteeni."

Sasa tuje kwa namba sita.

Alikuwa kijana mpole, mwana wa mjane, na kazi yake ilikuwa kuli bandarini. Hatujapata kumsikia akisifiwa kwa chenga. Alisifiwa kwa kutochoka. Jezi yake ndiyo iliyokuwa nzito kupita zote. Mama aliiacha mwisho, akailoweka peke yake. Jumapili moja gunia lilikuja na jezi kumi. Ile ya sita ililetwa baadaye na mtoto, imekunjwa, na imekatwa ubavuni kwa mkasi, kwa kuwa hawakuweza kumvua. Mguu ulivunjika mahali pawili, na alipoanguka mkono nao ukateguka.

Viongozi wa klabu waliahidi kumtibu. Waliahidi tena baada ya mwezi. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, namba sita akavalishwa kijana mwengine jezi mpya, na mwenye mguu akabaki kitandani kwa mamake, mguu umeunga upande. Kuli asiyeweza kubeba hana kazi bandarini. Hatusemi walikuwa watu wabaya. Fedha za klabu zilikuwa za mchango wa barazani, na mchango wa barazani hutosha nauli na machungwa ya mapumziko. Lakini ahadi ni deni, nao hawakurudi hata kumwambia kwamba hawana.

Hapo ndipo tulipoanza safari zetu za bakuli. Kila siku kabla ya Magharibi mama alipakua, akafunika kwa kawa, akamtuma mmoja wetu. Tulifundishwa maneno ya kusema mlangoni, na hatukuruhusiwa kuyabadili: "Mama asalimu, na asema leo chakula kimemzidi." Chakula hicho kilimzidi kwa miaka kumi na moja. Wakati wa Ramadhani kilimzidi mara mbili, futari na daku. Mmoja wetu, alipokuwa mdogo na mkweli kupita kiasi, alisema mlangoni, "Mama asema chakula kimemzidi, lakini sisi hatukushiba." Yule kijana alicheka, akarudisha nusu ya mkate wa sinia. Nyumbani hakuna aliyecheka.

Tulidhani siri hiyo ilikuwa ya mama peke yake. Haikuwa. Wanawake wa mtaa walikuwa na upatu wao, wakichanga kila Alhamisi, na katika upatu huo palikuwa na zamu moja isiyo na mwenyewe. Zamu hiyo ikifika, fedha zilipelekwa kwa mamake yule kijana, naye hakuambiwa zimetoka wapi. Zilimnunulia magongo. Zilimnunulia vitambaa, nyuzi na sindano, akajifunza kudarizi kofia. Akawa fundi. Kofia zake zilivaliwa na maharusi, na baba alinunua kwake kofia moja kila Idi, mbili Idi nyingine, ilhali kichwa cha baba kilikuwa kimoja tu. Ndipo tukafahamu, tulipokuwa wakubwa, kwamba baba naye alijua.

Miaka ikapita. Timu ikavunjika bila mtu kutangaza kwamba imevunjika. Mwaka 1982 nyumba nzima tulikesha na redio wakati Kenya ilipocheza fainali na Uganda huko Kampala, hadi mikwaju ya penalti, na golini amesimama Mahmoud Abbas, mtoto wa Mombasa. Kombe lilipokuja Kenya baba alitoka nje kupiga kelele, na wa kwanza kumjibu alikuwa fundi wa kofia kutoka dirishani kwake. Wakapigiana kelele kutoka nyumba hadi nyumba, watu wazima wawili, mpaka mama akawakumbusha kwamba kuna wagonjwa.

Wote watatu wametangulia mbele ya haki. Fundi alikufa kwanza, kisha baba, na mama miaka tisa iliyopita. Allah awarehemu.

Baada ya arubaini ya mama tulilifungua kasha lake. Kanga na mabuibui tukayatoa sadaka, dhahabu ndogo tukagawana kwa sheria. Chini kabisa, chini ya karatasi na vijiti vya udi, palikuwa na kifulana kilichofuliwa hadi kikapoteza rangi, kimeshonwa ubavuni kwa mkono. Hakikuwa na namba. Tulikiona ni tambara. Tukakikata vipande vinne tukavifanya vya kupigia deki, na tunakumbuka tulivisifu, kwamba pamba ya zamani hunywa maji vizuri.

Usiku ule wazee walipoondoka mmoja wetu hakula. Tulipomuuliza akasema. Siku ya kwanza ya kupiga deki alikikamua kipande kimoja, na kilipokuwa chapachapa aliona juu yake matundu madogo ya sindano yamejipanga kwa mzunguko, na ndani ya mzunguko kitambaa kimekoza kidogo, mahali ambapo jua halikufika. Ilikuwa sita. Alikianika, akakitazama kikikauka mpaka sita ikapotea, na hakutuambia. Kwa miaka tisa hakutuambia. Alihofu kwamba tungelia, alisema, na vipande vingine vilikwisha kutupwa.

Hatukumlaumu. Mikono iliyokata ilikuwa sita, jozi tatu.

Tulirudi kwenye kasha. Palikuwa na daftari ambalo tulilihifadhi kwa sababu ya mwandiko wa mama tu, maana yeye aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, nasi wa skuli tunasoma kwa kujikokota. Ni daftari la upatu. Kila ukurasa una majina ya wanawake na kiasi alichotoa kila mmoja, na chini ya orodha, mahali pa ile zamu isiyo na mwenyewe, ameandika neno moja: sita.

Tukawaita wazee, tukawaeleza habari ya jezi bila kuficha, na ya nani aliikata. Yule mdogo wao aliinamisha kichwa akasema inna lillahi, kana kwamba amefiwa. Yule mkubwa hakusema kitu. Yeye alikuwa katika kamati ya klabu mwaka ule. Tulijua, naye alijua kwamba twajua. Tukampa daftari badala ya jezi.

Anasoma herufi zile kwa wepesi. Alipita ukurasa wa kwanza na wa pili kwa kidole, akiyataja majina kimya kimya, na ukurasa wa tatu kidole kikasimama. Jina lilikuwa la mamake mzazi. Shilingi mbili. Akafungua mbele, likawepo tena, shilingi mbili. Na mbele, na mbele zaidi, mpaka mwaka aliofariki bibi yule.

"Hakuniambia," alisema.

Tulimtilia kahawa, ikapoa. Tulimwomba idhini ya kuandika haya, akajibu, "Andikeni, jina tu msilitie." Kisha akauliza kama aweza kulala nalo daftari nyumbani kwake usiku mmoja. Hadi tunaandika hajalirudisha, nasi hatujamuuliza.