Lubumbashi, Mji wa Shaba na wa Wachoraji

Mtu wa Mutshatsha akitaka kufika Lubumbashi hushika njia ya mashariki. Reli ya kutoka Tenke hadi Dilolo ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa njia hiyo shaba ya Katanga iliweza kupita hapa kwetu ikienda hata bandari ya Lobito, katika Angola. Msafiri wa mashariki huipa Lobito kisogo. Hupita Kolwezi, huvuka mto Lualaba, huona Tenke na Likasi, na mwisho huiona dohani ndefu ya mitambo ya shaba ikisimama juu ya mji, na kando yake mlima mweusi uliofanywa kwa mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa.

Wengi wetu huenda mji ule kwa shughuli za lazima: biashara, matibabu, masomo ya watoto, au msiba wa ndugu. Shughuli ikiisha, tunarudi. Ndugu wasomaji, leo twataka kuwaongoza katika matembezi ya namna nyingine, yaani kuyatazama majengo ya mji na kazi za wachoraji wake. Huenda mtu akasema kwamba mambo hayo ni ya Wazungu, wenye miji ya kale kama Venezia katika Italia, ambako watu hutoka pande zote za dunia kutazama sanaa mpya kati ya mawe ya zamani. Lakini mwaka wa 2015, katika maonyesho makubwa ya Venezia, kazi za mzaliwa wa Lubumbashi zilikuwamo. Basi, yafaa nasi tujue wageni wale walitazama nini.

Mji ulianzishwa mwaka wa 1910, wakati reli ya kusini ilipofika, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi ulipewa mwaka wa 1966. Miaka mia na zaidi si mingi kwa mji wa Italia, lakini kwetu yatosha kuwa historia, kwa maana waliofyatua matofali yake ya kwanza hawapo tena.

Tuanze kwa Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Ni la matofali mekundu, nalo lilijengwa wakati mji ulipokuwa bado mchanga, mnamo mwaka wa 1920. Mtu akisimama mbele yake huona mara moja kwamba mafundi walifuata namna ya makanisa ya kale ya Ulaya. Hata sinagogi ya Wayahudi, iliyojengwa kati ya 1929 na 1930 kwa mchoro wa Raymond Cloquet, yaonyesha kwamba mji ule tangu mwanzo ulikuwa na watu wa makabila na dini nyingi.

Tukitoka hapo twende kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, uliomalizika mwaka wa 1956. Aliyeuchora ni Mbelgiji, Claude Strebelle, pamoja na wenzake. Hapa hatuoni tena kuiga mambo ya kale. Ni jengo la wakati wake, lililotaka kusema kwamba Katanga ni nchi tajiri na ya kisasa. Baada ya uhuru liliitwa Jengo la 30 Juni, na wajumbe wa jimbo wakafanya humo mikutano yao. Karibu nalo ni Makumbusho ya Taifa, mahali pa kutunza vitu vya kale na pa kuonyesha sanaa mpya.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba sura ya mji ni kuta na paa tu. Mahali palipoachwa wazi nako kuna maneno. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, ule unaoitwa sasa Kamalondo, serikali ya kikoloni iliacha ukanda wa ardhi usiojengwa, wenye upana wa mita 500 hivi. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: ilisemwa kwamba mbu hawezi kuruka umbali ule kutoka nyumba za weusi hadi nyumba za weupe. Hivyo mbu alifanywa kuwa mpimaji wa ardhi, na watu wakatengwa kwa kipimo cha mabawa yake.

Habari hii tungeweza kuisahau, maana ukanda wenyewe umejengwa sehemu nyingi. Lakini mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, hakukubali isahauliwe. Katika kazi yake ya mwaka wa 2013 aliweka pamoja picha za mji zilizopigwa kutoka angani na picha za wadudu waliohifadhiwa katika makumbusho, mbu na nzi. Akaongeza picha ya zamani, ya mwaka wa 1929: wafanyakazi wawili wamesimama mbele ya lundo la nzi. Siku zile mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi hamsini kabla ya kupewa posho yake. Mtu akiitazama kazi hiyo haambiwi neno, wala hahubiriwi. Huona tu, na akiona huelewa.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2006, Baloji alikuwa amepiga picha za mitambo ya shaba iliyochakaa, kisha akaweka ndani yake sura za wafanyakazi wa kale, alizozitoa katika picha za wakati wa ukoloni. Wazee wale waonekana kama waliorudi kutazama jasho lao limeishia wapi. Watoto wa wachimbaji wa Kolwezi na Likasi hawahitaji kufafanuliwa picha hizo.

Sanaa hii haikuzuka ghafula. Mwaka wa 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji mjini, ikaitwa Hangar. Aliwakataza vijana wake wasiige picha za Ulaya, akawaambia wachore waliyoyajua. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, kwa uangalifu kama wa mfumaji. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi ya rangi za udongo. Bela hakutumia brashi. Alichora kwa ncha za vidole vyake. Romain-Desfossés alifariki mwaka wa 1954, na wanafunzi wake wakaingia katika shule ya sanaa ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mwaka wa 1951. Lakini picha zao nyingi zilinunuliwa na wageni, zikaenda Ulaya, na leo mtoto wa Katanga aweza kumaliza masomo yake bila kuona hata moja kwa macho.

Akaja mwingine, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947. Yeye hakuchora wanyama, bali historia. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zipatazo mia moja kueleza nchi yetu tangu mababu, kupitia ukoloni, hadi siku zake, akamweleza mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, maana ya kila moja kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Maneno yake yalitiwa katika kitabu mwaka wa 1996. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Siku hizi kazi inaendelea. Mwaka wa 2008 wasanii wa Lubumbashi walianzisha chama kinachoitwa Picha, pamoja na maonyesho makubwa ambayo tangu hapo yamerudi kila baada ya miaka miwili au mitatu, katika makumbusho na mahali pengine pa mji. Wanafunzi wetu wangefurahi hasa kuona kazi za Jean Katambayi Mukendi, aliyesomea umeme. Kwa makaratasi magumu, nyaya na vipande vilivyotupwa, yeye huunda mashine za ajabu. Huchora pia taa kubwa, akitukumbusha kwamba umeme mwingi hupita juu ya vichwa vya watu kwenda migodini, na nyumba zao zikabaki gizani.

Je, mambo haya yatufaa nini sisi wa Mutshatsha? Jibu liko karibu, huko Kolwezi. Katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka wa 2014, watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao, ndani ya nyua zao, hata nyumba zikapasuka, na baadaye familia nyingi zikahamishwa. Mtaa ukiliwa na shimo, nani atakumbuka mlango wa babu ulikuwa wapi, na mwembe wa jirani ulisimama upande gani? Madini yakiisha kutolewa hayarudi, na mtaa ulioondoka hautarudi nao. Hapo ndipo tunapoona thamani ya mtu mwenye kalamu, rangi au kamera.

Hatusemi kwamba picha yaweza kuzuia tingatinga, wala kwamba njaa hutibiwa kwa rangi. Mzazi anayetafuta ada ya shule ana haki ya kuuliza kwanza juu ya mkate. Lakini mzazi huyohuyo, mwanawe akichora ukutani kwa mkaa, asimpige upesi. Amwulize amechora nini. Walimu nao, wakiwapeleka wanafunzi Lubumbashi, wasiishie sokoni. Wawafikishe makumbusho, wawaonyeshe kanisa la matofali na jengo la mwaka wa 1956, wawatembeze kutoka katikati ya mji hadi Kamalondo kwa miguu, ili wapime wenyewe ule umbali wa mbu.

Na hapa nyumbani tusingoje mgeni mwenye kamera. Stesheni yetu, nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, na wazee waliojionea vita vya mwaka wa 1977, Mutshatsha ilipotekwa na kukombolewa, hayo yote yanaweza kuchorwa na kuandikwa sasa, wakati wenye kukumbuka wangali wakiketi barazani. Daftari la shule na penseli vyatosha kwa kuanzia.