Daftari la Visu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wenye maduka. Hata hivyo, katika kijiji kimoja kilicho baina ya Litein na Kapkatet, pale ambapo mistari ya michai huteremka hadi mtoni, imepata maana nyingine kwa mzee ambaye majirani humwita Bamong'o kwa heshima. Mali yake ni visu vya mfukoni.

Mzee huyu alianza kuvijua visu katika miaka ya 1960, alipoajiriwa kupogoa michai kwenye shamba moja kubwa la Kericho. Wakati huo chai ya biashara ilikuwa imekwisha kuota mizizi huko, tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoingia katika miaka ya 1920. Mchai usipopogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne hurefuka, na mkono wa mchumaji usiufikie. Basi mpogoaji huinama kutwa, kisu kilichopinda mkononi na kinoo kiunoni. Katika kazi hiyo mzee alijifunza kukisoma chuma: alijua kwa ncha ya kidole makali yatakayodumu hadi adhuhuri na yatakayokufa kabla ya saa nne.

Kisu cha shamba kilikuwa mali ya mwajiri, na jioni kilirudishwa ghalani. Kisu cha mfukoni ndicho kilichokuwa mali ya mtu. Kwacho alimenya muwa, alikata ukanda wa ngozi, na kuchonga kijiti cha senetwet, mti ambao mkaa wake hupakwa ndani ya kibuyu cha mursik. Mzee akaanza kuvinunua visu hivyo, kuvibadilisha na kuviuza sokoni. Vilikuwamo vilivyofuliwa na kitongik, yaani wahunzi wa Kipsigis. Vilikuwamo vilivyotoka Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, ambako Wakipsigis na Wamaasai hukutana kwa biashara. Vilikuwamo vya kukunja vyenye chapa ya Sheffield, na vile vizito vya jeshi vyenye alama ya mshale wa serikali ya Uingereza, walivyorudi navyo baadhi ya askari wa King's African Rifles kutoka Burma baada ya vita kwisha mwaka 1945. Aidha, vilikuwamo vya jua kali, vilivyofuliwa kwa springi za magari makuukuu.

Kwa miaka mingi aliuza kama wauzavyo wengine: kisu kikatoka, fedha zikaingia, mambo yakaisha. Kisha, mnamo mwaka 1987, kijana mmoja aliyehitaji nauli alimwuzia kisu cha kitongik, naye akakiuza juma lilo hilo kwa mpita njia sokoni Sotik. Miaka mitatu baadaye, kaka mkubwa wa yule kijana alibisha hodi. Baba yao alikuwa amefariki dunia. Kisu kilikuwa cha babu yao, na mpini wake ulichongwa na huyo marehemu.

"Bamong'o, sikuja kudai," alisema. "Niambie tu kilikokwenda."

Mzee hakuwa na la kumwambia. Mgeni hakukasirika, laiti angekasirika, ingekuwa nafuu. Alishukuru kwa chai, akainuka, akaenda zake.

Kesho yake mzee alinunua daftari la shule la kurasa 96. Tangu hapo kila kisu kilipata ukurasa wake: kimetoka kwa nani, kimefuliwa wapi, mpini ni wa mti gani, kilikuwa kikikata nini, na kilipouzwa, kimekwenda kwa nani. Ukurasa wa kwanza aliuandikia kisu ambacho hakukusudia kukiuza katu: kile cha kukunja alichorithi kwa baba yake, chenye mwaka 1943 uliogongwa kwenye chuma.

Maandishi yalikuwa ya Kikipsigis. Mjukuu wake wa kike, aliyependa sana somo la Kiswahili, alipojitolea kuyafasiri kwa ajili ya wanunuzi wa mbali, alikwama katika neno la kwanza. Kikipsigis husema rotwet, na neno hilo hubeba kisu na sime pia. Kiswahili hukitenga kisu na sime, kikampa mgema kotama yake na kinyozi wembe wake, kisha kikachukua kijembe na kukifanya maneno yanayochoma.

"Kugo, niandike lipi?" aliuliza.

"Usiulize kinaitwaje," mzee alijibu. "Uliza kinakata nini."

Binti akafuata njia hiyo, na kila ukurasa ukaanza na kazi ya kisu kabla ya jina lake.

Binti huyo alipoitwa kujiunga na chuo kikuu, fedha za chai ya nyumbani hazikutosha. Katika siku hizo alikuja mnunuzi kutoka Nairobi. Alivipitia visu vyote, akavirudisha kimoja kimoja, kisha akakitaka kile kilichokuwa mfukoni mwa mzee. Alitaja shilingi 20,000. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, akamwangalia mjukuu wake, kisha akalileta daftari na kumtaka mgeni aandike jina lake, anwani yake, na mahali ambapo kisu kitakaa.

"Mzee wangu," mgeni alicheka, "mimi nanunua kisu, sinunui hadithi."

"Hadithi siiuzi, mwanangu. Hiyo nakupa bure. Lakini kisu hakitoki bila hiyo."

Yamkini mgeni aliona ni ukaidi wa uzee. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Kisu cha mwaka 1943 hakikufikia umri huo. Kinga yake ilikuwa daftari tu. Tena mzee alikuwa na mfano wa karibu. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza mwaka 1905, na fimbo zake zikachukuliwa. Mwaka 2006 zilirudi Nandi kutoka Uingereza, baada ya miaka 101. Zilirudi kwa kuwa ilijulikana ni za nani na ziko kwa nani. Kitu kilichouzwa chaweza kutafutwa. Kilichosahauliwa hakina wa kukitafuta.

Mgeni alisaini. Binti alinakili ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, akaukunja, akamkabidhi pamoja na kisu. Juma lililofuata alisafiri kwenda chuoni.

Jioni ya siku aliyoondoka, mzee alitaka kukata kijiti cha senetwet. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwa mazoea, ukarudi mtupu. Alikwenda kuazima kisu kwa jirani, akakata, akakifuta na kukirudisha. Kabla hajaaga, alimwuliza jirani huyo alikipata wapi, na kwa nani. Kisha akaomba kalamu.