Majina ya Katikati

Mwezi wa sita ukiingia Lushoto, ukungu hushuka kutoka Magamba na kukaa juu ya mji mpaka saa nne za asubuhi. Watu hutoa makoti sandukuni, na mazungumzo ya soka hubadilika. Ligi imekwisha na bingwa amejulikana. Penye watu watatu wanaoota jua utasikia neno moja tu: usajili. Nani anakuja Simba, nani anakwenda Yanga, Azam wanamficha nani, na Coastal Union yetu itanyang'anywa nani mwaka huu.

Nami ni mmoja wa watabiri hao, tena wa miaka mingi. Ningependa kukueleza, ndugu msomaji, kwa nini naona kwamba sehemu kubwa ya utabiri huo ni kelele tu, na ni sehemu gani ndogo iliyo na maana.

Jina la kwanza halina kazi. Mshambuliaji akimaliza msimu na mabao mengi, halafu mkataba wake ukawa umebaki miezi michache, hata mama anayepanga karoti sokoni atakwambia kwamba Simba na Yanga watamgombea. Hapo hukutabiri kitu, umerudia habari. Kazi iko katika majina ya katikati. Nasema juu ya mchezaji wa nne, wa tano au wa saba kusajiliwa katika dirisha lile, yule ambaye hapokelewi kwa matarumbeta uwanja wa ndege, na ambaye picha yake ikitolewa watu huuliza, "Huyu naye ni nani?" Mtu akikutajia jina hilo kabla halijatangazwa, mheshimu, maana huyo anaijua timu.

Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa taratibu rasmi. Katika ligi zao klabu huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, na wapo watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kutabiri nani atachukuliwa wapi. Sisi tuliligusa jambo hilo mwaka 2009, Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa wa pili katika mpira wa kikapu na kuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile kubwa. Mwaka huo huo, katika nafasi ya saba, alichukuliwa kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry. Katika ule mpira wao wa kukimbia na tufe mkononi, raundi ni saba, na Tom Brady alingoja mpaka ya sita mwaka 2000, akawa mtu wa 199. Baadaye alitwaa ubingwa mara saba. Wataalamu wote walikuwa na macho, lakini walikuwa wakitazama raundi ya kwanza.

Kijiwe chetu kiko barazani kwa fundi cherehani, si mbali na stendi. Kanuni zake ni chache. Kila mtu huandika majina saba kwenye karatasi kabla ya dirisha kubwa kufunguliwa, akataja na klabu atakayokwenda kila mmoja. Fundi huzifungia karatasi katika mtoto wa meza ya cherehani, na hazifunguliwi mpaka usajili umefungwa. Majina matatu ya juu yana alama moja moja. Manne ya chini yana alama tatu tatu, kwa sababu, alivyosema fundi siku tulipoweka kanuni hiyo, kipofu naye anaweza kukuonyesha jua liliko. Mshindi hununuliwa chai na chapati wiki nzima.

Anayeshinda mara nyingi ni mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, ambaye hata televisheni haitazami sana. Nilimchunguza kwa muda mrefu kabla sijaielewa njia yake. Sisi tulikuwa tukitazama wachezaji. Yeye alikuwa akitazama nafasi. Huanza na klabu, si na mtu. Nani katika kikosi hiki ametimiza miaka 33? Nani mkataba wake unakwisha? Nani amecheza mechi nyingi bila mbadala wake kuingia hata dakika kumi? Kisha hutafuta nani, katika klabu za kawaida, anaweza kuziba pengo hilo kwa bei isiyotisha. Aliwahi kunifananishia na wanunuzi wa karoti wanaotoka Kariakoo. Mnunuzi mgeni hung'oa karoti za kando ya njia, akazisifu, akalipa. Mzoefu huingia katikati ya shamba, akang'oa pale ambapo mwenyewe hakutarajia.

Chukua mwaka 2020. Coastal Union ilikuwa na mabeki wawili wa kati waliosimama pamoja msimu mzima, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame. Wote wawili wakaondoka Tanga dirisha moja: Mwamnyeto kwenda Yanga, Ame kwenda Simba. Barazani watu walibishana nani ni bora. Bwana shamba hakuingia ubishi huo. Alisema Yanga inaachana na Kelvin Yondani, kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini Simba ina Pascal Wawa, ina Erasto Nyoni, ina Kennedy Juma, na inamleta Joash Onyango kutoka Gor Mahia. Ikawa hivyo. Mwamnyeto alipata namba, na baadaye akawa nahodha. Ame alikuta foleni. Tofauti ya vijana wale wawili waliokuwa bega kwa bega haikuwa kubwa miguuni mwao. Ilikuwa katika nyumba walizokwenda.

Usidhani nasema kwamba kila kitu kinahesabika. Yanga ilipomchukua Feisal Salum kutoka JKU ya Zanzibar mwaka 2018, alikuwa kijana wa miaka 20, na sikusikia kijiwe chochote huku milimani kikilitaja jina lake. Miaka mitano baadaye nchi nzima ilikuwa ikijadili kuhama kwake kwenda Azam. Au Clement Mzize, ambaye Yanga ilimpandisha kutoka kikosi cha vijana mwaka 2022 bila kishindo. Watu walikuwa wakimwimba Fiston Mayele, na walikuwa na haki ya kumwimba. Lakini aliyebaki Mayele alipokwenda Misri mwaka 2023 ni yule kijana.

Na wakati mwingine hata jina la kwanza hukataa kutabirika. Fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani mwaka 2022 ilichezwa Arusha, Coastal na Yanga wakatoka 3-3, na Abdul Suleiman, yule wanayemwita Sopu, akafunga yote matatu ya Coastal kabla ya Yanga kushinda kwa penalti. Sisi watu wa Tanga, hata wale wenye jezi za Simba na Yanga chini ya makoti, tulisimama usiku ule kama siku za 1988, mwaka ambao Coastal ilitwaa ubingwa wa nchi. Kesho yake karatasi zote barazani zilikuwa na Sopu, nusu Simba, nusu Yanga. Akaenda Azam.

Mwaka 2024 ulituletea kesi ngumu zaidi. Mwezi Juni Simba ilimtangaza Lameck Lawi, beki mwingine wa Coastal. Coastal nayo ikasema mauzo hayo yamevunjika kwa sababu ya kuchelewa kwa malipo, na msimu ukaanza bila Lawi kuivaa jezi ya Simba. Bwana shamba alikuwa ameliandika jina hilo. Je, apewe alama? Ametangazwa, lakini hakusajiliwa. Tulibishana majuma mawili. Fundi akaamua kwamba suruali iliyokatwa lakini haikushonwa si suruali. Mzee hakuridhika, na sidhani kama ameridhika mpaka leo.

Kuna jambo moja ambalo watabiri wengi hawalitii maanani. Tangu kanuni iliporuhusu klabu kusajili wageni 12, majina makubwa ya dirisha yamekuwa ya Burkina Faso, Kongo, Ivory Coast na Zambia. Sina ugomvi nao, wameinua ligi. Lakini maana yake ni kwamba kijana wa Kitanzania, tena wa wilayani, mlango wake mkubwa ni huo huo wa katikati. Majina ya katikati ndiyo majina yetu. Mtu anayeyapuuza akidhani ni ya kujaza nafasi hajui ni nyumba ngapi zinazolala macho kwa ajili yake.

Nyumba moja ya namna hiyo ni ya dada yangu, huko Mlalo. Mwanawe wa pili ni beki wa kushoto. Alianza katika mashindano ya shule za sekondari, kisha ligi ya wilaya, katika viwanja hivi vyetu ambavyo mpira ukitoka upande wa bonde mchezo husimama mpaka mtoto mmoja aufuate chini kwenye migomba. Ana mbio, ana pafu, na krosi yake hutua panapotakiwa. Mwaka 2023, alipokuwa na miaka 19, alijitokeza mtu aliyejiita wakala. Alitaka shilingi laki nane ili kumpeleka kijana kwenye majaribio ya klabu ya Ligi Kuu. Shemeji yangu hakuwa na laki nane, lakini alikuwa na mtamba mwenye mimba.

Akaja kwangu, baridi ya mwezi wa saba, amejifunika blanketi. Hakuja kuomba fedha. Alikuja kwa sababu alisikia kwamba mimi ni mtabiri.

Tulikaa na karatasi. Nikamwandikia klabu 16 za Ligi Kuu, na mbele ya kila moja nikaandika beki wa kushoto. Simba: Mohamed Hussein, Tshabalala, yuko pale tangu 2014 na haonyeshi kuchoka. Nikamkumbusha Gadiel Michael, aliyetoka Yanga mwaka 2019 akiwa mchezaji wa Taifa Stars, akaingia Simba na kukaa nyuma ya mtu huyo huyo. Yanga: Lomalisa, na ndiyo kwanza wamemwongeza Kibabage. Azam: Msindo, waliyemlea wenyewe. Tukashuka hivyo hivyo. Tulipofika chini karatasi ilikuwa na mapengo mawili ya kweli, na katika yote mawili wangetaka mtu aliyekwisha kucheza ligi, si mgeni kutoka mlimani ambaye kocha hajawahi kumwona hata kwenye simu.

"Shemeji," akaniambia taratibu, "watoto wa watu huko Kinondoni unawatabiria. Mtoto wa dada yako unashindwa?"

Nilimjibu kwamba sijashindwa, nimetabiri. Mtamba asiuzwe. Mtu wa kweli wa klabu hamtozi mkulima fedha ili amtazame mwanawe. Aliondoka bila kumaliza chai, na kwa miezi kadhaa salamu zake zilinifikia kupitia kwa dada tu. Sikumlaumu. Baba anapouliza swali la namna ile haombi hesabu.

Kijana mwenyewe alikuja wiki iliyofuata, peke yake. "Mjomba, basi nifanye nini?" Nikamwambia aliyonifundisha bwana shamba bila kujua: asiwatazame wanaocheza vizuri kuliko yeye, atazame ni wapi panakosekana mtu. Ashuke Tanga, acheze ligi ya mkoa, aonekane na watu wanaotafuta kwa bei nafuu. Na kwa kuwa ana kimo, ajifunze kucheza beki wa kati pia, kwa maana timu ndogo haina fedha ya kulisha watu wawili pale ambapo mmoja anatosha.

Alishuka. Alipata kazi ya kupakia mikate alfajiri, na jioni anafanya mazoezi. Misimu miwili hakuna aliyemtaja. Kisha Agosti 2025 Tshabalala, baada ya miaka 11, akahamia Yanga. Watu walilia, watu walicheka, magazeti yalijaa. Barazani kwetu bwana shamba alivua miwani akaanza kuhesabu kwa vidole. Beki wa kushoto mmoja akihama juu kabisa, alisema, anayeachwa lazima atafute mwingine, naye huyo mwingine ataacha pengo alikotoka, na kule nako watatafuta, mpaka mtikisiko ufike kwenye madaraja ya chini, ambako hakuna gazeti linaloandika.

Wenzangu walinihimiza nimwandike mpwa wangu katika majina yangu saba. Sikumwandika. Karatasi ile ni ya hesabu, na kwake yeye hesabu yangu imechanganyika na mambo mengine. Badala yake nilimwandika kijana mmoja wa Pangani, ambaye anacheza nafasi ile ile na amemzidi mwaka mmoja wa uzoefu.

Mpwa wangu aliitwa kwenye majaribio ya siku tatu na klabu ya daraja la chini. Hawakutaka fedha, walimtaka aje na viatu vyake. Siku ya pili jioni akaniandikia ujumbe mfupi: kocha amemuuliza kama anaweza kucheza beki wa kati. Nilimpelekea shemeji ujumbe huo kama ulivyo. Alinipigia saa ile ile, akaniuliza habari za baridi ya huku mjini, habari za fundi, habari za bei ya karoti, na mwisho kabisa akaniuliza wanajibu lini.