Gari lilichemka mara mbili

Ndugu zetu wa kambini na wa mjini, pamoja na nyinyi mnaofanya kazi na wakimbizi, mwezi huu zamu ya kuandika ni yetu, vijana wanne wa gereji. Tulitaka kuwaelezea namna tulivyofaulu. Lakini tulipokaa chini tukaona habari yenye faida ni ya ile siku tulishindwa.

Tulivuka Mpondwe kwa nyakati tofauti, wengine tukitoka Beni, wengine Butembo. Wawili wetu tulipitia Rwamwanja kwanza. Leo tunafanya kazi kwa Mzee mmoja hapa Kasese mjini. Yeye ni Mukonzo, sisi ni Wanande, kwa hiyo tunasikilizana bila mkalimani. Shida ilikuwa kwenye vyuma. Sisi tunasema kilasi, yeye anasema hedi. Sisi shemizi, yeye slivu. Wiki za kwanza alikuwa anatutuma kitu hiki, tunaleta kile, wateja wanacheka.

Siku moja akaja baba mmoja wa Bwera na pikapu yake, Peugeot 504. Wazee wanaliheshimu sana gari hilo. Lilitoka mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. La huyu baba lilikuwa linabeba vitunguu na samaki, na ndilo lililokuwa linasomesha watoto wake. Sasa lilikuwa linachemka. Tulipofungua kifuniko cha oili tukaona rangi ya chai ya maziwa. Tulipoliwasha, maji ya rejeta yakatoa mapovu. Hapo hata mwanafunzi anajua: gasketi ya hedi imekatika. Kazi yake ni kutenganisha moto, maji na oili, na ikikatika vyote vinachanganyika.

Mzee alikuwa anasafiri. Akatuambia, "Watoto wangu, hii kazi fanyeni nyinyi." Tulifurahi kupita kiasi. Tulimwaga maji, tukangoja injini ipoe, tukafungua hedi. Tukazungusha injini kwa mkono ili tusafishe vichwa vya pistoni. Tukaweka gasketi mpya, tukakaza bolti kwa kusikia nguvu ya mkono. Gari likawaka vizuri. Yule baba akatulipa, akatubariki.

Siku ya sita likachemka tena, na safari hiyo tulikuwa ndani wawili wetu, tunakwenda Bwera naye. Mnajua ile barabara baada ya Kikorongo, inapita katikati ya mbuga ya Queen Elizabeth. Jua lilikuwa linashuka. Huwezi kutoka ukasukuma gari pale ambapo tembo wanavuka. Tukakaa ndani, vioo juu, samaki wanaanza kunuka, na yule baba hasemi neno. Alipokuja mtu wa lori kutuvuta, alisema sentensi moja tu: "Hiyo hedi mlifungua nyinyi, mtafunga nyinyi."

Kesho yake mjini maneno yalikuwa tayari yamefika: wakimbizi wameua gari la watu. Si jina la mmoja wetu lililotajwa. Ni wakimbizi wote. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtu akuachie injini yake. Hiyo ni imani, na sisi tulikuwa tumeichoma.

Mzee aliporudi hakupiga kelele. Alisema gharama tutagawana, nusu yake, nusu yetu. Halafu akatoa kabatini kitabu cha zamani cha gari hilo, kimejaa oili, kimeandikwa Kifaransa. Miaka yote kilikaa pale, hakuna wa kukisoma. Dada mmoja kati yetu alisoma sekondari Butembo. Akakaa juu ya tairi, akaanza kusoma kwa sauti, anatafsiri mstari kwa mstari. Tangu tuvuke mpaka, Kifaransa chetu kilikuwa hakijatusaidia kitu. Siku hiyo gereji nzima ilinyamaza kumsikiliza.

Kila ukurasa ulikuwa unatuhukumu. Kwenye injini hii slivu zinakaa ndani ya maji, hazikushikwa na kitu isipokuwa hedi yenyewe. Ukiondoa hedi, lazima uzibane, la sivyo ukizungusha injini zinapanda na sili za chini zinaachia maji. Sisi tulizungusha bila kubana. Bolti zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu. Sisi tulitumia mkono. Tukaweka rula ya chuma juu ya hedi: fila geji ya milimita 0.05 ikapita chini yake. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, nasi tuliifunga hivyo hivyo.

Na kubwa kuliko yote, hatukuuliza kwa nini lilichemka mara ya kwanza. Rejeta ilikuwa imeziba kwa tope la kutu, kwa sababu ya miaka ya maji matupu. Hata gasketi ya dhahabu isingedumu pale.

Safari ya pili tulichukua siku tano. Hedi ikapelekwa kusawazishwa. Tukatoa slivu, tukabadilisha sili. Tukafungua rejeta na kuisafisha. Toki renchi tuliazima gereji nyingine. Tukaliwasha mpaka likapata moto, tukaliacha lipoe, tukakaza tena kama kitabu kilivyosema. Yule baba alichukua gari lake bila kutubariki. Baada ya miezi miwili alirudi, akamleta jirani yake mwenye gari linalovuja oili. Hiyo ndiyo baraka tuliyopata.

Kwa vijana wenzetu: mkikosea, msihame mtaa. Rudini mfungue tena, hata kwa pesa yenu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: wawili wetu tuna vyeti vya mafunzo ya miezi mitatu, na tunashukuru. Lakini kwenye sanduku la vifaa tulilopewa hapakuwa na toki renchi wala fila geji. Spana zilikuwa nyingi, za kupima hakuna. Mkipanga mafunzo mengine, punguzeni fulana zenye nembo, mtuwekee hivyo viwili.

Nasi sasa, gari lolote likija linachemka, swali la kwanza ni moja: joto limetoka wapi? Gasketi tunanunua baadaye.