Simu ikizimika kati, maneno ya mzee hupotea

M23 ilipoteka Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, kisha Walikale-centre mwezi wa tatu, familia nyingi zilikimbia na simu tu mfukoni. Katika simu hizo mzee hurekodiwa akitaja mipaka ya shamba, maana karatasi zilibaki nyuma, au hazikuwapo kamwe.

Lakini video ya MP4 kwa kawaida huandika orodha ya picha na sauti zake mwishoni, mtu anaposimamisha. Ndiyo maana haitazamiki ingali inarekodiwa. Betri ikiisha kati, faili hubaki nzito bila kufunguka.

Basi, ndugu wasikilizaji, kila dakika tano simu isimamishwe, kipande kitazamwe kwanza (mzee naye hufurahi kujiona). Iliyokataa kufunguka isifutwe: fundi mwenye kompyuta mara nyingine huiokoa.