Viluma vya Njia ya Mutomo

Ukishauacha mji wa Kibwezi na kuvuka Mto Athi, unakutana na Uwanda wa Yatta, mgongo wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300. Lami ya kwenda Ikutha, Mutomo hadi Kitui ni ya juzijuzi tu. Zamani ilikuwa vumbi na kuumwa kiuno. Mibuyu iko kila upande, na Wakamba wa huku hawana haraka na mgeni.

Njoo Agosti, nyasi zikiwa zimekauka. Hapo ndipo kwenye mawe unakikuta kiluma, yaani shubiri mwitu, kimechanua. Wataalamu hukiita Aloe secundiflora. Bua lake hutoa matawi yanayolala, na maua mekundu hujipanga upande mmoja wa tawi, yote yakitazama juu. Ndege aina ya chozi hawabanduki hapo. Kata jani, utomvu wa manjano unachuruzika. Uonje, na chai ya jioni utainywa ikiwa chungu. Akina mama huutia katika maji ya kuku kuzuia kideri.

Utomvu huo ukichemshwa hugeuka gundi ya kuuzwa ng'ambo, na hapo ndipo balaa la uvunaji ovyo lilipoanzia. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alipiga marufuku kuvuna shubiri porini. Kanuni za 2007 zikafungua biashara kwa leseni na mashamba. Mkataba wa CITES nao unadhibiti biashara ya kimataifa ya shubiri zote isipokuwa Aloe vera.

Sheria nzuri, ila kwa hesabu yangu imemkaba mwizi mdogo. Mgema anayejua kazi hukata majani ya nje tu, mmea ukaendelea. Mchoma makaa hukata kichaka kizima, na miche ya kiluma hupenda kuanzia maisha kivulini mwa kichaka. Pakibaki kipara, jua na kwato humaliza kazi. Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa mwaka 2018, lakini tanuri halihitaji lori ili liwake.

Mutomo kuna kilima kilichotengwa kuhifadhi mimea ya ukame, nacho kinastahili nusu siku yako. Lakini viluma vilivyonona zaidi nimeviona kwenye nyua za watu, vimepandwa kwa safu kuzunguka boma. Mbuzi hupita wakavinusa, wakaendelea na safari yao.