Halisi na Bandia

Neno bandia ni la zamani katika Kiswahili, na mtoto wa kike hulijua kabla ya mfanyabiashara. Mwana wa bandia ni gunzi la hindi lililovikwa kitambaa na kufungwa uzi kiunoni. Hubembelezwa, hulishwa, hukemewa, na jua likizama hutupwa pembeni bila ya majonzi. Bandia hiyo haimdanganyi mtu. Mwenye kuibeba mgongoni anajua kuwa si mtoto, mama yake anajua, na mgeni apitaye njiani anajua. Bandia ya dukani ni jambo jingine. Hiyo imeundwa kwa kusudi moja, kwamba mtoa fedha asijue. Neno ni moja, lakini kati ya vitu viwili hivi pana umbali uleule uliopo kati ya hadithi na uwongo.

Bandia za namna hii ya pili zimeenea katika dawa, katika mbegu, katika vipuri vya magari na katika betri za tochi. Mtu aweza kuona ni upuuzi kuyaacha hayo yote na kuzungumza juu ya hedifoni, vile vifaa vya kuvalia masikioni ambavyo wasanifu wa lugha huviita vipokea sauti. Dawa bandia huua; hedifoni bandia hazimuui mtu. Maneno hayo ni kweli. Lakini yuko kijana mmoja wa Kwakoa ambaye hedifoni bandia zilimfanya amsingizie bibi yake, tena kwa maandishi.

Kwakoa iko upande wa mashariki wa milima ya Upare wa Kaskazini, katika tambarare inayoelekea mbuga ya Mkomazi. Juu mlimani kuna migomba na ukungu. Chini kuna vumbi, miiba, mbuzi, na mahindi yanayongoja mvua ambayo haina ahadi. Kijana huyo alipata nafasi katika chuo kikuu akasoma isimu, na ulipofika wakati wa kuandika tasnifu yake alichagua lugha ya nyumbani. Lugha hiyo wengine huiita Chasu na wengine Chathu, na katika tofauti hiyo ndogo ya jina lenyewe ndimo ilimokuwamo kazi yake. Alitaka kujua ni nani kati ya wazee wa Kwakoa watamkao s, ni nani watamkao th, na katika maneno gani. Ernst Kotz, mmisionari wa Kijerumani, alikwisha kuchapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Kijana alitaka kuona yapi yamebaki na yapi yamekwenda.

Akaenda nyumbani wakati wa likizo, akawarekodi wazee hadithi zao chini ya miti na vibarazani. Aliyesema kwa wingi kuliko wote alikuwa bibi yake mzaa mama, mwanamke aliyeolewa Kwakoa kutoka upande wa kusini wa milima, na ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha muaga zamani. Kijana alirudi chuoni na saa nyingi za sauti. Kilichobaki kilikuwa kusikiliza na kuandika, neno kwa neno.

Kwa kazi hiyo alihitaji hedifoni njema. Mama yake aliuza mbuzi wawili katika gulio, akampelekea fedha kwa simu, akampigia.

“Mwanangu, zimefika?”

“Zimefika, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Nunua kitu cha kudumu. Sina mbuzi wa tatu wa kuuza.”

Alikwenda mjini. Katika duka moja, ambalo halina haja ya kutajwa, alionyeshwa hedifoni zenye jina la kiwanda mashuhuri cha ng’ambo. Boksi lilikuwa jeusi, zito, linalong’aa, na kifuniko chake kilishuka polepole kana kwamba kinapumua. Bei yake katika maduka ya mawakala ilikuwa kama shilingi 350,000. Hapa aliambiwa 120,000. Alipouliza sababu, muuzaji alicheka kwa upole, akasema, “Kaka, sisi tunachukua mzigo moja kwa moja kiwandani.” Jibu hilo lilimtosha, kwa kuwa mtu mwenye haja hutoshwa na majibu mafupi. Wazee wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yaelekea methali hiyo ilitungwa kabla ya kibaya kujifunza kukaa kimya juu ya rafu ya kioo na kuvaa nguo za kizuri.

Miezi mitatu kijana alisikiliza na kuandika. Sauti ya bibi yake ilimjia nene, yenye mvumo, kama ya mtu anenaye ndani ya mtungi, naye akaipenda, akidhani kuwa unene ndio ubora. Katika daftari lake maneno ya bibi yote yalikuwa na s. Th haikusikika popote. Basi akaandika, kwa lugha ya kitaalamu na kwa moyo wa furaha ya mtu aliyegundua jambo, kwamba katika usemi wa wazee wa Kwakoa sauti mbili hizo zimekuwa moja. Na kwa habari ya msimulizi mkuu, akaongeza katika maelezo ya chini kwamba kukosa meno kumechangia. Msimamizi wake aliisoma sura hiyo akaipitisha, na yeye hana lawama, kwa maana alipewa maandishi, hakupewa sauti.

Likizo iliyofuata kijana alimsomea bibi hadithi zake mwenyewe kutoka katika daftari. Bibi alisikiliza kwa raha, kisha akainamisha kichwa, kisha akamkatiza.

“Nani alisema hivyo?”

“Wewe, bibi.”

“Mimi? Mimi sisemi hivyo. Hivyo wanasema majirani.” Akalitamka neno, na th ilikuwamo, nyepesi, wazi, ikipita katika pengo la meno kama upepo mlangoni. Kijana akalazimika kumweleza alichokiandika, pamoja na lile la meno. Bibi alinyamaza kwa kitambo. “Mjukuu wangu,” akasema, “mimi nimepoteza meno. Lugha sikuipoteza.”

Hapa ni lazima kueleza jambo la sauti. Sikio la binadamu lenye afya hupokea mitetemo tangu 20 hata ipatayo 20,000 kwa sekunde. Mvumo wa ngoma na unene wa sauti ya mtu hukaa chini, katika mamia. Lakini mkwaruzo wa s hukaa juu sana, katika 4,000 na zaidi, na th hukaa hukohuko juu nayo ni dhaifu zaidi. Chombo kisichoweza kuileta sehemu ya juu kwa uaminifu hakikupi ukimya ukajua kuwa kuna upungufu. Hukupa mfano wa neno, na akili yako hulijaza pengo kwa sauti iliyoizoea. Ndiyo sababu watu hulazimika kuyarudiarudia majina yao katika simu, ambayo tangu zamani hukata mitetemo ya juu. Kijana alizaliwa Kwakoa kwenye kusema s. Chombo kilipomficha th, sikio lake lilitia s bila ya kumwuliza.

Watengenezaji wa bandia hupendelea kuzidisha besi, kwa kuwa hiyo ndiyo imvutiayo mnunuzi anayejaribu kwa dakika moja dukani katikati ya kelele. Besi nyingi hufunika aibu nyingi.

Je, angaliwezaje kuzitambua? Watu wengi huanza na boksi, na kweli boksi bandia huweza kujisaliti: herufi zilizofifia kingoni, neno la Kiingereza lililokosewa, rangi iliyokaribia ya kiwanda isiwe yenyewe, kijitabu cha maelezo kilichochapwa kwa wino hafifu. Hizo ni alama za mwigaji mvivu. Mwigaji mwenye bidii hutengeneza boksi zuri kuliko la mwenye mali, kwa sababu boksi ndicho kitu pekee anachokiuza. Namba ya utambulisho nayo ni shahidi wa nusu. Ikiwa namba iliyo juu ya boksi hailingani na ile iliyo juu ya chombo, au ikiwa kiwanda kinapoulizwa katika tovuti yake hakiijui, neno limekwisha. Lakini ikiwa kiwanda kinaijua, neno halijakwisha, kwa maana namba moja ya kweli huweza kunakiliwa juu ya maboksi elfu. Kwa hedifoni zisizo na waya, programu ya kiwanda iliyomo katika simu husaidia zaidi. Zile zenye kutambuliwa na programu hiyo, zikapokea masahihisho yake, zina haki ya kuaminiwa kuliko zile zinazojitaja jina tu. Hata hivyo, zipo bandia zilizojifunza kufungua katika kioo cha simu picha ileile ifunguliwayo na halisi.

Uzito huwapoteza hata mabingwa. Mwaka 2015 huko Marekani wahandisi wa kampuni moja walizifungua hedifoni zenye jina la Beats, wakakuta ndani vipande vya chuma ambavyo kwa maoni yao vilitiwa ili kuongeza uzito, mkono wa mnunuzi uone thamani. Habari hiyo ikaenea duniani. Baadaye ikafahamika kuwa hedifoni walizozifungua zilikuwa bandia. Wakatafuta halisi, wakazifungua nazo, wakakuta vyuma humo pia. Ikiwa watu wenye bisibisi na elimu walidanganyika hivyo, kijana wa Kwakoa asichekwe.

Afadhali kutazama mahali ambapo mwigaji huona hasara kutumia fedha: bawaba zinapokunjwa, mshono wa mito ya masikio, waya unapoingia katika plagi, usawa wa sauti ya kushoto na ya kulia. Na afadhali zaidi kusikiliza, si wimbo wa muuzaji, bali sauti ambayo mnunuzi anaijua kwa yakini. Mwanamke wa Upare anunuapo chungu hakitazami tu. Hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, na chungu chenye ufa usioonekana hujitangaza chenyewe kwa sauti ya kukwama. Kijana alikuwa ameona bibi yake akifanya hivyo mara nyingi. Dukani alikuwa na rekodi ya bibi katika simu yake. Hakuijaribu, kwa kuwa aliona haya kuicheza mbele ya watu.

Sheria ipo, tena ya siku nyingi. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayoisimamia Tanzania Bara. Kenya ilitunga yake ya kupinga bidhaa bandia mwaka 2008. Katika simu za mkononi serikali ilipata hata mkono mrefu zaidi. Kila simu ina namba ya tarakimu 15, na Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia mitandao simu ambazo namba zao hazikuwa za kweli, baada ya kuwataka wananchi wazihakiki. Hedifoni hazina mtandao wa kukatwa. Zinaweza kudanganya maisha yao yote bila ya kuzimwa na mtu, na mnunuzi asiye na risiti hana mlango wa kubisha. Kijana hakuwa na risiti. Muuzaji alimwambia kuwa yenye risiti ni ghali kidogo, naye akachagua akiba.

Ukweli aliupata kwa mwenzake wa bwenini, aliyekuwa na hedifoni za kiwanda kilekile. Hizo zilinunuliwa mtumba: hazikuwa na boksi, mto mmoja umepasuka na kushonwa kwa uzi mweupe, jina la kiwanda limefutika nusu. Kijana alizivaa, akafungua rekodi ya kwanza. Alimsikia bibi akivuta pumzi kabla ya kuanza. Alisikia kuku wakiparura majani makavu, na mtoto aliyeambiwa anyamaze, ambaye hakuwa amemjua kuwa alikuwapo. Kisha hadithi ikaanza, na th zikaja, moja baada ya nyingine, kila mahali alipokuwa ameandika s.

Alirudia kazi yote. Ilimgharimu muhula mzima na kumwomba mwenzake chombo kila usiku. Ile sura aliifuta, na maelezo ya chini kuhusu meno aliyachana mwenyewe kabla ya kumwomba msimamizi ruhusa. Alipokwenda tena Kwakoa alizichukua hedifoni za mtumba kwa kukopa, akamvika bibi juu ya kilemba chake, akamchezea hadithi. Bibi alishika mito ile kwa mikono miwili. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka mahali pa kuchekesha, akazivua, akasema kuwa yule mama anasimulia vizuri, ila angalipunguza haraka kidogo.

Zile bandia hazikutupwa. Mdogo wake alizichukua, na jioni huzivaa akisikiliza mpira kutoka redio ya simu, akiwa amekaa juu ya jiwe nje ya zizi la mbuzi. Anasema hajapata kusikia goli likivuma vizuri kama linavyovuma humo.